Kuunda skirmioni, na kujua kwamba kweli umeiunda

Swali: Nasoma fizikia mwaka wa nne hapa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Msimamizi wangu amenipa mada ya skirmioni, vile vifundo vidogo vya sumaku vinavyosemekana vitakuja kuhifadhi data. Nimesoma makala kadhaa na mambo mawili yamenikwamisha. Ikiwa vifundo hivi haviwezi kufumuliwa, basi vinafungwaje? Na kitu chenye upana wa nanomita 50 kinaonekanaje, hadi mtu aape kwamba ni skirmioni wala si doa la kawaida la sumaku? Nina laptopu na intaneti tu. Naomba unielekeze nifanye nini mwaka huu.

Jibu: Ndugu msomaji, maswali yako mawili yana mzizi mmoja, kwa hiyo nitayajibu kwa pamoja kisha nije kwenye mradi. Nakwambia mapema ninakosimama: kuunda skirmioni siku hizi hakuwasumbui sana watu. Kinachosumbua ni kuthibitisha, na humo ndimo mwanafunzi mwenye laptopu anaweza kufanya kazi ya maana.

Chukua tabaka la kobalti lililolazwa juu ya platini, unene wake haufiki nanomita moja, yaani atomu chache tu. Kila atomu ya kobalti ina usumaku wake, tunaouita spini na kuuchora kama mshale. Katika tabaka jembamba hivi mishale hupenda kusimama wima, iwe juu au chini. Sasa chora duara. Nje ya duara mishale yote inatazama juu. Katikati kabisa mshale unatazama chini. Ukitoka ukingoni kwenda katikati, mshale unapinduka kidogo kidogo, na unapinduka kwa namna ileile upande wowote utakaoingilia. Hiyo ndiyo skirmioni. Ukiikusanya mishale yote ya duara hilo na kuipanga kwa mielekeo yake, hutapata mwelekeo hata mmoja uliokosekana: imefunika tufe zima mara moja. Hesabu ya mara ngapi tufe limefunikwa ndiyo namba ya topolojia. Mazingira yote ya nje yakitazama upande mmoja, namba hiyo ni lazima iwe kamili: 0, 1, -1.

Kinachoipindua mishale ni nguvu iliyoelezwa na Igor Dzyaloshinskii mwaka 1958 na Toru Moriya mwaka 1960. Kwa kawaida spini jirani hupenda kulingana. Nguvu hii huzitaka zikae pembemraba, tena kwa mzunguko wa upande mmoja maalumu, na huzuka pale ulinganifu unapovunjika, kama kwenye kobalti yetu iliyo na platini chini na kitu tofauti juu. Bogdanov na Yablonskii walionyesha kwa hesabu mwaka 1989 kwamba sumaku za aina hii zinaweza kubeba vifundo. Jina lenyewe linatokana na Tony Skyrme, Mwingereza aliyekuwa akishughulikia chembe za kiini cha atomu mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbali kabisa na diski na kumbukumbu za kompyuta.

Sasa, kufungwa na kufumuliwa. Fikiria fundo kwenye kamba ambayo ncha zake mbili zimekazwa ukutani. Utalivuta, utalilegeza, utalisogeza, lakini halitoki mpaka ukate kamba. Ncha moja ikiwa wazi, unalisukuma hadi mwisho wa kamba na linateleza likatoka, na kwa njia hiyohiyo unaweza kufunga jingine. Sumaku halisi inaruhusu yote mawili. Ina kingo, ambako mishale haina jirani upande mmoja, na skirmioni huweza kuingilia au kutokea hapo. Pia inaweza kukatwa, kwa sababu imejengwa kwa atomu. Hesabu ya namba kamili huichukulia sumaku kama kitu kisicho na mapengo, lakini kati ya atomu na jirani yake hakuna mshale wowote. Mshale mmoja ukigeuka ghafla, namba huruka kutoka 0 hadi 1, au hurudi.

Kwa hiyo ule ulinzi wa topolojia unaousoma kwenye makala ni kizuizi cha nishati, na kizuizi kina kimo kinachopimika. Kumbukumbu ya kudumu miaka 10 huhitaji kizuizi cha mara 40 hadi 60 ya nishati ya joto la mazingira. Kwenye joto la chumba, mara 40 ni takribani elektronivolti 1. Skirmioni za nanomita chache zinazoishi kwenye baridi kali ni vigumu kufika hapo, na ndiyo sababu watafiti hurundika kobalti na metali zake tabaka juu ya tabaka, mara kumi au zaidi, ili skirmioni iwe kama nguzo inayopita tabaka zote na isibomolewe na joto.

Ukiwa na wazo hilo, kila mbinu ya kuunda iulize jambo moja: kamba imekatwa wapi?

Mwaka 2009 Mühlbauer na wenzake huko Munich waliona mpangilio wa skirmioni ndani ya fuwele ya manganisi na silikoni kwa kurusha nyutroni. Huko hakuna aliyefunga kitu kwa mkono. Ukiifikisha fuwele kwenye jotoridi la karibu kelvini 29 na kuiwekea uga wa sumaku wa kiasi, vifundo hujipanga vyenyewe kwa sababu hiyo ndiyo hali yenye nafuu. Mwaka 2013 kundi la Hamburg lilifanya jambo ambalo hadi leo nalistaajabia. Kwenye utando wa paladi na chuma uliolazwa juu ya iridi, kwa ncha ya hadubini ya tuneli, waliandika skirmioni moja moja na kuzifuta moja moja. Elektroni zilizorushwa na ncha hiyo ndizo zilizotoa nishati ya kuruka kizuizi. Ila hilo lilifanyika kelvini chache tu juu ya sifuri halisi.

Mwaka 2015, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, wakafanya kwenye joto la chumba. Nakuomba uitazame mbinu hii kwa karibu, kwa sababu fizikia yake inaonekana kwa macho. Una njia ya sumaku ambayo mahali fulani imebanwa na kuwa mlango mwembamba. Mkondo wa umeme unasukuma ukanda wa sumaku iliyopinduka kupitia mlango huo. Ukishatoka upande wa pili, mkondo unatawanyika, kwa hiyo ncha ya ukanda inavutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Inatanuka, shingo yake inakonda, kisha inanyofoka na kuwa duara linalojitegemea. Shingo inapokatika ndipo namba ya topolojia inapobadilika. Miduara yao ilikuwa na upana wa karibu mikromita moja, mikubwa mno kwa kumbukumbu, lakini ilionyesha kwamba waya na mkondo vinatosha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba mpigo mmoja wa mkondo usiofika nanosekunde moja unaweza kuzalisha skirmioni penye pengo dogo lililochongwa ukingoni mwa njia. Mwaka 2021 ilipimwa kwamba mpigo wa leza huzaa skirmioni nyingi kwa pamoja ndani ya pikosekunde 300 hivi. Hapo joto huvuruga mpangilio kwa muda na vifundo huota wakati sumaku inatulia. Mwaka uliofuata watu walitumia miale ya ayoni za heli kudhoofisha sumaku mahali walipopachagua wenyewe, ili kifundo kizaliwe hapo na si pengine.

Hiyo mbinu ya mwisho ndiyo ninayoiamini zaidi. Utando uliotengenezwa kwa kumwagiwa atomu kutoka kwenye kipande cha metali haufanani kila mahali. Una chembechembe, unene unapanda na kushuka kwa atomu moja, na mpigo wa mkondo huzalisha kifundo pale palipo dhaifu. Mtu anaweza kukuonyesha kifaa kinachozaa skirmioni mahali pamoja kila mara, kumbe mahali hapo pamechaguliwa na kasoro ya utando. Ukisoma makala, tafuta kama walirudia kwenye kifaa cha pili chenye umbo lilelile, na kama kifundo kilitokea palepale.

Kuhusu kuiona, kila chombo huona kipande tu cha ukweli, na msimamizi wako atataka ujue ni kipande gani.

Hadubini ya mwanga inayotumia athari ya Kerr, yaani mwanga kubadilika kidogo unapoakisiwa na sumaku, ni ya haraka na haidhuru kitu, lakini mawimbi ya mwanga ni ya mamia ya nanomita, kwa hiyo skirmioni ya nanomita 50 haitaonekana umbo. Hadubini ya nguvu ya sumaku hupitisha ncha ndogo yenye usumaku juu ya kifaa na kuhisi uga unaotoka nje. Inafika makumi ya nanomita, haihitaji mtambo mkubwa, nami naipenda kwa hilo. Lakini ncha yenyewe ni sumaku, na inaweza kukisogeza kifundo au kukifuta huku unakipiga picha. Zaidi ya hapo, inachokuonyesha ni duara lililopinduka tu. Jinsi mishale ilivyojipanga kwenye ukuta wa duara, yaani kile kinachotofautisha skirmioni ya namba 1 na doa la namba 0, haikuonyeshi waziwazi.

Hadubini ya elektroni ya aina ya Lorentz huona mishale iliyolala. Kwenye fuwele kama ile ya manganisi na silikoni, mishale ya ukutani huzunguka kufuata duara, na picha hutoka safi. Kwenye kobalti na platini, mishale ya ukutani hutazama ndani au nje, kuelekea kitovu au kukiacha. Mpangilio huo, sampuli ikiwa imelala sawa mbele ya miale, hautoi taswira yoyote. Inabidi uinamishe sampuli ndipo nusu moja ya duara ing'ae na nyingine iwe nyeusi. Ukiona picha ya Lorentz ya kobalti na platini, angalia kama pembe ya mwinamo imetajwa.

Eksrei za sinkrotroni, mtambo mkubwa unaozungusha elektroni kwa kasi mno hadi zitoe miale mikali, zinaona vyote viwili, uelekeo wa juu na chini na wa kando, na zinaweza kupiga picha mfululizo wakati mkondo unapita. Ndizo zilizotupa ushahidi mzuri wa mwaka 2016, skirmioni za joto la chumba kwenye tabaka za kobalti, na nyingine zikikimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Afrika bado haina sinkrotroni hata moja, na hilo linaniuma. Wapo wanasayansi wa bara hili wanaolipigania, na mtambo wa SESAME ulioko Jordan, uliofunguliwa mwaka 2017, umethibitisha kwamba nchi zisizo tajiri sana zinaweza kuungana na kujenga mmoja.

Lakini kifaa cha kibiashara hakitabeba sinkrotroni mgongoni. Lazima kisome kwa umeme, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Njia ya kwanza ni athari ya Hall isiyo ya kawaida. Ukipitisha mkondo kwenye msalaba wa waya za sumaku, unapata volteji ya pembeni inayolingana na wastani wa mishale inayotazama juu. Skirmioni ikiingia kwenye msalaba, wastani unapungua. Fanya hesabu wewe mwenyewe: duara la kipenyo cha nanomita 50 lina eneo la nanomita za mraba 1,963 hivi. Msalaba wa nanomita 400 kwa 400 una 160,000. Kwa hiyo mabadiliko ni takribani asilimia 1.2 ya tofauti nzima kati ya sumaku yote juu na yote chini. Ukiufanya msalaba uwe mikromita moja, inabaki asilimia 0.2, na hapo kelele za waya na joto zinaanza kukufunika. Mwaka 2018 Maccariello na wenzake nchini Ufaransa walifanikiwa kuisoma skirmioni moja kwa njia hii kwenye joto la chumba, na kilichonifanya niwaamini ni kwamba walipima volteji huku hadubini ya nguvu ya sumaku ikiwahesabia vifundo vilivyokuwepo. Volteji peke yake isingesema kama ni skirmioni au ni kipande chochote cha sumaku kilichopinduka.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa na ndiyo yenye mtego: athari ya Hall ya kitopolojia. Elektroni inayopita juu ya mishale inayopinduka hujigeuza kuifuata, na kufanya hivyo ni sawa na kupita kwenye uga wa sumaku usiokuwepo kwa kawaida. Kila skirmioni huleta kiasi kimoja maalumu cha mtiririko wa sumaku. Skirmioni zikiwa ndogo na zimesongamana, kama zile za fuwele ya Munich zilizo nanomita chini ya 20, uga huo wa kufikirika unazidi tesla 10 na athari inapimika. Skirmioni ikiwa na eneo la nanomita 100 kwa 100, unabaki kama tesla 0.4, na kwenye metali chafu zenye ukinzani mkubwa ishara yake hupotea ndani ya athari nyingine.

Mtego ni huu. Mpimaji anachora volteji ya Hall dhidi ya uga, anaona kinundu kwenye mchoro, na anaandika kwamba ameona skirmioni. Lakini ikiwa utando una sehemu mbili zenye athari ya Hall ya alama tofauti, moja chanya na moja hasi, na zinageuka kwenye uga tofauti, ukizijumlisha unapata kinundu kilekile bila kifundo hata kimoja. Hilo limejadiliwa sana kwenye oksidi ya strontiamu na ruthenia, ambayo unene wake ukitofautiana hata kidogo, alama ya Hall inabadilika. Mimi simkubali mtu mwenye kinundu tu. Alete na picha.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitegemea kwa vifaa vya kesho: kiungo cha tuneli, yaani tabaka mbili za sumaku zilizotenganishwa na kihami chembamba cha oksidi ya magnesi, ambacho ukinzani wake hubadilika kulingana na jinsi tabaka hizo zinavyotazamana. Fizikia hii umeshaishika mkononi. Diski kuu iliyokufa unayoweza kununua kwa bei ya chini kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, kama ni ya baada ya katikati ya miaka ya 2000, ina mkono mwembamba ambao kichwa chake husoma kwa njia hiyohiyo. Ishara yake ni kubwa kuliko ya Hall mara nyingi. Ugumu ulikuwa kulazimisha tabaka linalobeba skirmioni liishi pamoja na kiungo kizuri cha tuneli, kwa kuwa kila moja linataka metali na unene wake. Mwaka 2024 watafiti wa Singapore walionyesha kiungo ambamo skirmioni moja inaundwa, inafutwa na kusomwa, vyote kwa umeme.

Kuhusu kusogea nitapita haraka. Skirmioni ikisukumwa na mkondo huenda upande, haifuati njia moja kwa moja. Ilipigwa picha mwaka 2017, na kwenye njia nyembamba, kwenda upande humaanisha kugonga ukingo na kutoka kama fundo lililofika mwisho wa kamba. Dawa yake ni kuunganisha tabaka mbili zinazotazama kinyume ili misukumo ya pembeni ifutane. Mwaka 2024 kwa njia hiyo zilifika mita 900 kwa sekunde.

Sasa mradi wako. Pakua OOMMF, programu ya bure ya kuiga sumaku kwenye kompyuta, ya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST. Inaendeshwa na laptopu ya kawaida, na ukijua Python unaweza kuitumia kupitia Ubermag. MuMax3 ya Chuo Kikuu cha Ghent ni ya haraka zaidi ila inataka kadi ya picha ya Nvidia. Yoyote utakayoichagua, iamuru ihifadhi hali kila baada ya muda, stima ikipotea usianze upya.

Chora kisahani cha kipenyo cha nanomita 100 na unene wa 0.4. Tumia vipimo vya kobalti juu ya platini ambavyo karibu kila mtu huanzia: usumaku wa kiloampea 580 kwa mita, nguvu ya mabadilishano (ile inayozilinganisha spini jirani) pikojuli 15 kwa mita, nishati ya kupenda wima megajuli 0.8 kwa mita ya ujazo, na nguvu ya Dzyaloshinskii-Moriya milijuli 3 kwa mita ya mraba. Weka duara lililopinduka katikati, liache litulie, kisha uhesabu namba ya topolojia. Utapata karibu na 1, lakini si 1 kamili, kwa sababu mishale ya ukingoni huinama. Usiifiche tofauti hiyo, ieleze. Ongeza nguvu ya Dzyaloshinskii-Moriya polepole. Ukishapita 3.8 hivi, kutengeneza ukuta kunaanza kuipunguzia sumaku nishati, na sumaku hujaa kuta. Namba hiyo unaweza kuitoa kwa kalamu kabla ya kuwasha kompyuta, nami ningeanza na kalamu.

Programu huigawa sumaku kwenye vijisanduku viitwavyo seli; zako zikiwa za nanomita 1, rudia kila kitu kwa nusu nanomita, hasa unapoizalisha au kuifuta skirmioni. Kitovu kinapokaribia kutoweka kinakuwa na upana wa seli chache tu, na kimo cha kizuizi utakachopima kitategemea ukubwa wa seli kuliko fizikia yenyewe. Nimeona tasnifu nzuri zikianguka kwa swali hilo moja.

Mwisho, fanya jambo ambalo makala nyingi haziwaonyeshi wanafunzi. Chukua skirmioni yako, hesabu wastani wa mishale ya juu, na uone volteji ya Hall ambayo ingetoka. Kisha chora doa la upana uleule ambalo nusu ya ukuta wake inapinduka upande mmoja na nusu nyingine upande wa pili, namba yake ya topolojia 0. Huna haja ya kuliacha litulie. Hesabu volteji tena na uziweke mbili hizo pamoja kwenye mchoro mmoja, zikiwa sawa, halafu chini yake weka picha za mishale ya kila moja kama ambavyo hadubini ya Lorentz iliyoinamishwa ingeziona. Mchoro huo uwe wa kwanza kwenye tasnifu yako, na ukikwama kwenye masharti ya ukingoni niandikie tena ukiambatisha faili la programu.